"Mapigo" au "Mipwito"? Juu ya Neno Moja la Elimu ya Sauti

Wanafunzi wengi wa wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, huingia shuleni wakiwa na Kihangaza, Kishubi au lugha nyingine ya nyumbani, husomeshwa kwa Kiswahili, kisha hufundishwa fizikia kwa Kiingereza katika sekondari. Mwalimu atakaye kuwafafanulia kwa Kiswahili yale "mapigo" ya mawimbi ya sauti hukabiliwa na mitego miwili, nayo ni ya lugha kuliko ya hesabu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Zichukuliwe nyuzi mbili za inanga, chombo cha ubao uliochongwa mvungu, kijulikanacho kwa Wahaya na kwa Warundi, jirani za Ngara. Uzi mmoja ukitetema mara 220 kwa sekunde na wa pili mara 216, sikio husikia sauti moja ya mitetemo 218, nayo huvuma na kufifia mara 4 kila sekunde, yaani tofauti ya 220 na 216. Mwanafunzi afuataye kanuni za trigonometria hupata nusu ya tofauti hiyo, yaani 2, akadhani amekosea. Hakukosea: wimbi kubwa lifunikalo yale madogo hutimiza mizunguko 2, lakini sauti huvuma kileleni na huvuma vilevile bondeni. Nyuzi zikilinganishwa barabara, mvumo hutulia.

Mtego wa kwanza ni kusema kwamba sauti "hupanda na kushuka". Katika Kiswahili sauti ya juu yaweza kuwa nyembamba, yaweza pia kuwa kubwa. Tena Kihangaza ni lugha ya toni. Msemaji wake aambiwapo kwamba sauti imepanda, huelekea kufikiri toni, hali kinachobadilika hapa ni nguvu. Heri kusema "huvuma na kufifia".

Mtego wa pili ni "pigo", neno litakalo mpigaji. Alisikiaye hutafuta mkono na ngoma. Kiswahili kina kitenzi "pwita", kitumikacho kwa mshipa na kwa jipu, ambamo nguvu huja na kuondoka pasipo mtu kugusa. "Mpwito" ungefaa zaidi. Yaweza kujibiwa kwamba "mapigo ya moyo" yamekwisha kuzoeleka, na moyo haupigwi na mtu. Ni kweli, lakini moyo ndio upigao. Nyuzi hizi, kila mmoja ukisikilizwa peke yake, haupwiti hata kidogo.