Kiinimacho Kinachompata Hata Msomi

Mwanzoni mwa karne ya 16, katika mji wa Srirangam kusini mwa India, palikuwa na Brahmani mmoja, mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, ambaye watu walimfanya kichekesho. Kila siku aliketi hekaluni akisoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa sauti, na kila siku aliikosea. Kisanskriti chake kilikuwa kibovu. Waliokijua walimcheka, wengine wakamkemea, naye akaendelea kusoma huku machozi yakimbubujika.

Siku moja mtawa kijana kutoka Bengali, Chaitanya, alimwuliza ni maana ipi ya maneno yale inayomliza. Brahmani akakiri kwamba maana haijui. Anasoma kwa kuwa mwalimu wake alimwagiza. Lakini kila akikifungua kitabu humwona Mungu Krishna ameshika hatamu za gari la vita, akimpa mawaidha shujaa Arjuna. Chaitanya alimkumbatia, akasema kwamba huyo ndiye aliyeielewa Gita.

Kisa hiki kimo katika wasifu wa Chaitanya ulioandikwa miongo mingi baadaye na Krishnadasa Kaviraja. Wengi hukisimulia kama hadithi tamu ya mcha Mungu asiye na elimu. Ndani yake, hata hivyo, mna hoja kali kuhusu maya, nguvu inayomfumba binadamu macho asiuone ukweli. Gita yenyewe, yenye sura 18 na beti 700, inafundisha katika sura ya 7 kwamba maya ni vigumu kuivuka, ila kwa anayejisalimisha kwa Mungu. Wingi wa kusoma haukutajwa hapo.

Maya ni nini hasa? Wahindu hawajawahi kukubaliana. Shankara, mwanafalsafa wa karne ya 8, alikuwa na mfano wake mashuhuri: mtu aonaye kamba gizani akadhani ni nyoka. Kwake, nafsi na Ukweli wa juu kabisa ni kitu kimoja, na utengano tunaouona utayeyuka taa ikiwashwa. Ramanuja, aliyefuata karne kadhaa baadaye, alimpinga: ulimwengu ni wa kweli, ni mali ya Mungu. Wafuasi wa Chaitanya wako upande huo. Ulimwengu upo, ingawa haudumu; kilichoharibika ni jicho la mwenye kuutazama, anayesahau kwamba yeye ni roho na kuushikilia mwili, cheo na nyumba kana kwamba ndivyo yeye. Tofauti hii si ya wanafalsafa peke yao. Utengano wote ukiwa ndoto, hata mpenzi na mpendwa mwishowe hutoweka, na ibada ya mapenzi kwa Mungu hubaki bila wa kuabudu.

Ndiyo maana Chaitanya aligongana na wasomi. Akiwa na umri wa miaka 24 hivi, baada tu ya kuwa mtawa, alifika mji wa Puri na kufundishwa falsafa ya Vedanta na gwiji Sarvabhauma Bhattacharya. Siku saba alisikiliza bila kutia neno. Alipoulizwa sababu ya kunyamaza, alijibu kwamba maandiko anayaelewa vizuri. Maelezo ya mwalimu ndiyo yanayoyafunika. Mjadala uliofuata ulimalizika kwa gwiji kuwa mfuasi. (Waliotusimulia ni wafuasi wa Chaitanya, kwa hiyo mshindi tulimjua mapema.)

Tusidhani, basi, kwamba mila hii inabeza elimu. Chaitanya aliwatuma katika mji wa Vrindavan ndugu wawili, Rupa na Sanatana, waliokuwa maofisa wakubwa wa Sultani Husain Shah wa Bengali, nao wakatunga vitabu vizito vya Kisanskriti. Kinachoogopwa ni elimu inayompa mtu kiburi, kwa sababu kiburi nacho ni maya, tena ile isiyoonekana upesi.

Dawa yake haitafutwi kwenye mabishano. Hutafutwa kwenye ratiba. Mwaka 1965 mzee wa miaka 69 wa mila hii ya Chaitanya, Bhaktivedanta Swami Prabhupada, alisafiri kwa meli ya mizigo kutoka Kolkata hadi Marekani, na mwaka uliofuata akaanzisha New York chama cha ISKCON, ambacho wengi hukiita Hare Krishna. Mwaka 1971 alifika Kenya, na hadi leo chama kina mahekalu huko. Mwanafunzi aliyeapishwa hushika tasbihi yenye shanga 108 na kuizungusha mara 16 kwa siku, yaani hurudia mantra, sala fupi, ileile mara 1,728, kazi ya saa mbili hivi. Hali nyama, samaki wala mayai, hanywi pombe, hata chai na kahawa huziacha, hachezi kamari, hazini. Hesabu ya shanga ina sababu yake: akili ikiachiwa uhuru wa kuamua leo isali au ipumzike, udhuru haikosi.

Hata hivyo ratiba haimlindi kila mtu. Prabhupada alipofariki mwaka 1977, wanafunzi wake 11 walianza kuwaapisha wafuasi wapya, kila mmoja akitawala eneo lake na kuheshimiwa karibu kama alivyoheshimiwa mwalimu wao. Katika miaka michache, kadhaa kati yao walianguka kwa kashfa, wengine wakafukuzwa. Walikuwa wanayajua maandiko kwa moyo. Viongozi wa mahekalu walipaza sauti, na mwaka 1987 utaratibu huo wa maeneo ukawa umevunjwa.

Cha ajabu ni kwamba kinga ilikuwepo zamani. Mila inataka kila fundisho lipimwe kwa mizani tatu: mwalimu, watu wema wa dini na maandiko. Kimoja kikisema peke yake, vingine vikikikana, mfuasi anapaswa kusita. Miaka ile mizani ilielemea upande wa mwalimu, na chama kizima kikalipa gharama.

Chaitanya mwenyewe, aliyeaga dunia mwaka 1534, hakuacha kitabu cha ufafanuzi. Beti nane tu ndizo zinazonasibishwa naye. Anayetaka kuijua mila hii aanze na hizo, kisha asome sura ya 7 ya Gita, kabla hajagusa fafanuzi zilizojaa rafuni.