Mvinyo wa Constantia na jasho la watumwa

CAPE TOWN, Afrika Kusini — Safu za mizabibu zimepanda kilima, na kutoka juu bahari inaonekana kwa mbali. Hili ni shamba la Groot Constantia, lililoanzishwa mwaka 1685 na Simon van der Stel, mtawala wa Kiholanzi wa Rasi.

Katika chumba cha kuonja, mgeni humiminiwa mvinyo kidogo kidogo. Huutazama rangi, huunusa, ndipo akanywa. Uliovuma zaidi ni ule mtamu, ambao Napoleon alipelekewa uhamishoni kisiwani St Helena.

Lakini utamu huo una historia chungu. Waliolima na kuchuma zabibu walikuwa watumwa, na miongoni mwa watumwa wa Rasi walikuwamo watu wa Msumbiji na Madagaska. Uhuru kamili ulifika mwaka 1838. Hata baadaye, vibarua wengi wa mashamba ya Rasi walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo, desturi iliyozitia familia nyingi katika ulevi.

Leo nyumba kuu ya shamba ni makumbusho, na habari za watumwa husimuliwa humo. Hata asiyekunywa pombe ana la kuona. Anayekunywa naye, ni vyema aanzie humo kabla ya kushika glasi.