Sura ya Sita: Mzee wa Kabila la Paka

Mtunzi wa tamthilia ya muziki anayetaka mzee wa hekima jukwaani ana mtihani mgumu: hekima haichezi dansi. Watazamaji wamelipa waone miguu ikirushwa na wasikie sauti zikipaa, na mzee aliyetulia huweza kuwachosha kabla hajafungua kinywa. Andrew Lloyd Webber na mwongozaji Trevor Nunn walipoileta Cats jukwaani London, tarehe 11 Mei 1981, utulivu huo waliupa kazi.

Mzee wao ni Old Deuteronomy. Asili yake ni kitabu cha mashairi cha T. S. Eliot cha mwaka 1939, ambamo ni paka wa kijijini aliyekula chumvi nyingi na kuzika wake wengi, na wanakijiji wanachunga asije akaamshwa usingizini. Humo hana cheo. Jukwaani akapewa mamlaka: usiku mmoja kila mwaka paka wa kabila la Jellicle hukutana jalalani, naye huchagua mmoja wao apande Heaviside Layer, mbingu ya paka hao, akaanze maisha mapya.

Tazama anavyoingizwa. Paka wengine wameshatamba na kurukaruka kwa muda mrefu, yeye hayupo. Kisha Munkustrap, mlinzi na msimulizi wa kabila, anaanza kuimba habari zake, na Rum Tum Tugger, yule mtukutu mwenye maringo, anaupokea wimbo kwa adabu ambayo hajamwonyesha mtu mwingine. Tugger akishanyenyekea, mtazamaji naye hukaa vizuri kwenye kiti. Ukubwa wa mzee umejengwa na midomo ya wengine. Maleba nayo yanasaidia: wenzake wamevaa nguo za kubana mwili, yeye amebeba manyoya mazito yanayomlazimisha kutembea taratibu. Anafika, anakalishwa juu ya tairi kubwa.

Katika maonyesho ya awali hakuondoka hapo hata wakati wa mapumziko. Watoto walipanda jukwaani kumwona kwa karibu, na mwigizaji alipaswa kubaki paka mzee wakati wenzake wanapumua. London kazi hiyo aliifanya Brian Blessed. New York, kuanzia 1982, Ken Page, wote watu wa umbo kubwa na sauti nzito. Lakini nafasi yenyewe haidai umbo hilo. Katika filamu ya 2019 aliichukua Judi Dench, ambaye mwaka 1981 angecheza Grizabella, paka tutakayekutana naye punde, kama asingeumia mguu mazoezini.

Katika sehemu ya pili ya onyesho Macavity, paka mhalifu, anamteka mzee, na Mistoffelees, paka mwenye uchawi, anamrudisha kwa mazingaombwe. Kisa hiki naona ni chepesi, ila kinathibitisha jambo moja: bila yeye uchaguzi haufanyiki.

Uzito wote uko kwa Grizabella, paka aliyewahi kung'ara na sasa amechakaa, ambaye kabila linamfukuza kwa kucha na misonyo. Mzee anamwona akiondoka mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Angeweza kuwakemea vijana pale pale, na mtunzi dhaifu angemwandikia hotuba. Badala yake, sehemu ya pili inapofunguka anaimba kwa upole kuhusu furaha iliyopita na maana iliyotuponyoka wakati tukiwa nayo. Hamtaji Grizabella kabisa. Anayeidaka hoja ni paka mdogo wa kike, ambaye anaanza kuuimba wimbo wa yule mama aliyefukuzwa. Fundisho limeingia kupitia kwa mtoto, na kabila linaanza kulainika bila kuamriwa. Ndiyo maana Grizabella anaporudi mara ya mwisho na kuimba hadi sauti yake inapasuka, hukumu ya mzee haimshangazi mtu. Anamshika mkono, anampandisha kwenye tairi lake mwenyewe, na tairi linainuka likiwa na wote wawili.

Akishamsindikiza, anatugeukia sisi tulioketi gizani na kutufundisha namna ya kumsalimu paka: kwa heshima, na kwa jina lake.