Moshi wa Jikoni na Matundu ya Hewa



Mtu apitaye asubuhi katika vilima vya Kasulu na Kibondo huona moshi ukipanda juu ya nyumba, naye hufurahi, maana ni dalili kwamba wenyeji wameamka na uji umo motoni. Leo twataka kuzungumza habari za moshi ule usiotoka nje, ubakiao jikoni pamoja na mama na mtoto aliye mgongoni mwake.

Wazee wetu Waha walijenga misonge ya nyasi. Moto ulikuwa ndani, na moshi, ingawa uliumiza macho, ulipata njia yake polepole katika nyasi za paa. Siku hizi wengi wetu twajenga kwa matofali ya kuchoma na kuezeka mabati. Ni maendeleo mema, wala hatusemi turudi nyuma. Lakini bati halipitishi hewa kama nyasi. Tukiziba nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, tukaweka dirisha dogo lisilofunguliwa, kisha tukaingiza mafiga yetu yale yale, basi tumejenga nyumba isiyoweza kuvuta pumzi.

Moshi ni nini? Ni chembe ndogo mno zilizochanganyika na hewa zenye sumu. Chembe zilizo mbaya zaidi, upana wake haufiki sehemu moja katika 30 ya unene wa unywele; kwa hiyo pua haiwezi kuzizuia, nazo huingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mtoto mdogo azivutaye kila siku hushikwa upesi na homa ya mapafu. Watu wazima hupatwa na kikohozi kisichokwisha, na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na katika hao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5.

Makaa nayo yana hila yake. Hayatoi moshi mwingi, lakini hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, hata mtu hukosa pumzi hali akivuta pumzi.

Jambo hili twalijua kwa kuliona. Tulipokuwa tukijifunza ualimu, usiku mmoja wa baridi ya Julai tuliingiza jiko la makaa katika chumba cha kulala, tukaziba matundu ya hewa kwa matambara. Usiku wa manane mwenzetu mmoja aliamka ili atoke, akafungua mlango, akaanguka kizingitini. Kishindo chake kilituamsha, vichwa vikituuma na miguu haina nguvu. Mlango ule ndio uliotuokoa. Tena somo la hewa tulikuwa tumekwisha kulisoma, na majibu mazuri tumeyaandika!

Basi tufanyeje? Hewa ya moto hupanda juu, na hewa baridi huingia chini kushika mahali pake. Kwa hiyo jiko lahitaji njia mbili: tundu la kuingizia hewa karibu na sakafu, na jingine kubwa zaidi juu, karibu na paa, upande wa pili. Afadhali jiko liwe mbali na chumba cha kulala. Awezaye na ajenge dohani ya matofali itokeze juu ya paa. Na kama paa ni la nyasi, dohani isiguse nyasi, isije ikaleta moto.

Lakini tundu lililozibwa na masizi na utando wa buibui ni sawa na ukuta. Kila mwezi, moto ukiwa umezimika na jiko limepoa, funga kitambaa puani na mdomoni, chukua fagio lililofungwa katika mti mrefu, kwangua masizi ya dohani na matundu, kisha uyafukie shimoni. Ukitaka kujua kama njia ni wazi, shika nyasi zifukazo moshi karibu na tundu la juu: moshi ukivutwa nje, ni vyema, ukirudi usoni pako, kazi haijaisha. Na kuni zipasuliwe, zianikwe mpaka zikauke, kwa maana kuni mbichi ni mama wa moshi.

Labda mtasema, “Moshi hufukuza mbu.” Chandarua huwazuia vizuri zaidi, wala hakikohozeshi mtu.

Mwezi wa Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikikusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie. Ni tumaini jema. Lakini jioni ya leo nyumba nyingi zitapika kwa kuni, na mtoto aliye mgongoni hawezi kungoja. Kufungua tundu moja ukutani ni kazi ya asubuhi moja tu. Tusiwaachie akina mama peke yao; sisi tungojao chakula barazani, penye hewa safi, na tuishike kazi hiyo.