Msaada Usioweza Kukataliwa Si Msaada

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii hufundishwa katika shule zetu zote, na sisi walimu huieleza kwa namna moja tu: lawama ni ya anayetegemea. Leo naomba, msomaji, tuigeuze kidogo. Je, huyo ndugu naye hana lawama yoyote, hasa iwapo hataki mwenziwe aache kumtegemea?

Swali hili lilinijia nikiwa katika soko la Toi, pembezoni mwa Kibera, nikitafuta koti. Sioni haya kukiri kwamba mimi, mhadhiri wa chuo kikuu, huvaa mitumba. Mama mwenye kibanda alikuwa akifungua robota jipya. Alilinunua likiwa limefungwa, kwa fedha za mkopo, bila kujua kilichomo. Zikitokea nguo nzuri, zile ziitwazo kamera, atalipa deni na karo. Zikitokea fagia, yaani masazo ya kufagiliwa mbali, hasara ni yake. Nguo hizo nyingi zilitolewa bure na watu wa Ulaya na Marekani walioamini kwamba wanamvika maskini. Mashirika ya hisani yakaziuza kwa wafanyabiashara, nao wakazisafirisha hadi Mombasa. Zilianza safari zikiwa sadaka, zikafika Kibera zikiwa bidhaa.

Kama mwanaisimu, siwezi kulipita neno mtumba hivi hivi. Hapo kale mtumba ulikuwa mzigo, aghalabu wa nguo, uliobebwa na wapagazi wa misafara kutoka pwani kwenda bara. Katika mitumba ya karne ya 19, nguo moja iliyotafutwa mno iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa mji wa Salem. Neno mtumba limedumu, ila kilichomo kimebadilika. Wakati ule tuliletewa nguo mpya. Siku hizi twaletewa zilizokwisha kuvuliwa.

Baina ya nyakati hizo mbili palikuwa na wakati wa tatu, ambapo tulijivika wenyewe. Viwanda kama Kicomi mjini Kisumu na Rivatex mjini Eldoret vilifuma pamba ya wakulima wetu. Mapema katika miaka ya 1990 milango ya soko ilifunguliwa, kama walivyotaka Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao ndio waliokuwa wakitukopesha. Viwanda vingi vikaporomoka. Ni kweli kwamba si mitumba pekee iliyoviua. Usimamizi mbovu na wakulima kutolipwa pamba yao vilikuwa vimekwisha kuvidhoofisha. Hata hivyo, mgonjwa hatibiwi kwa kuvuliwa blanketi.

Koti nililolinunua lilikuwa na mikono mirefu, nikalipeleka kwa fundi cherehani huko Kawangware. Mzee huyo alijifunza kushona suti nzima, kuanzia kupima hadi kutia vifungo. "Mwalimu," aliniambia huku akifumua mshono, "siku hizi mimi si mshonaji, ni mpunguzaji." Kazi yake ni kupunguza viuno na mikono ya nguo zilizoshonewa watu wengine.

Je, hatukujaribu kujitoa? Tulijaribu. Mnamo Machi 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Arusha, wakaazimia kupunguza uagizaji wa nguo kuukuu hadi ukome katika muda wa miaka mitatu. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo hizo nchini Marekani kilipeleka malalamiko kwa serikali yake. Serikali hiyo nayo ikatukumbusha sheria ya AGOA ya mwaka 2000, iliyoruhusu bidhaa zetu kuingia kwao bila ushuru: atakayeyafunga masoko yake kwa mitumba huenda akaipoteza nafuu hiyo. Kenya ikajiondoa mapema katika azimio, kwa kuwa wako maelfu ya Wakenya washonao nguo za kuuzwa Marekani katika viwanda vya Athi River na kwingineko. Tanzania na Uganda zikalegeza kamba. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu ya AGOA.

Hapa ndipo maana ya maneno inapotupasa kuangaliwa. Kitenzi kupa kina washiriki watatu: mpaji, kitu na mpokeaji. Mpokeaji asiye na uhuru wa kusema "ahsante, sihitaji" si mpokeaji tena, bali ni jalala au mteja. Msaada usioweza kukataliwa si msaada, hata ukiitwa hivyo kwa lugha tamu kiasi gani.

Simaanishi kwamba mitumba ipigwe marufuku kesho. Yule mama wa Toi angelala njaa, na watoto wengi wa Kibera wangekosa sweta za kuvaa. Mama wa Toi, fundi wa Kawangware na mshonaji wa Athi River wote ni watu wa kipato kidogo, na riziki ya kila mmoja imefungamanishwa na uamuzi wa watu wasiowajua. Ninachodai ni kwamba mataifa yetu yakae pamoja, yapange hatua za polepole za kufufua pamba na viwanda, na yakitishwa yajibu kwa kauli moja. Azimio la Arusha la mwaka 2016 lilishindwa kwa sababu kila nchi ilijibu peke yake.

Nanyi walimu wenzangu, mtakapoifundisha tena methali ile, waulizeni wanafunzi swali la pili: ni nani anayefaidika nduguye akizidi kutegemea?

Koti langu limenikaa vyema. Mzee wa Kawangware alilipunguza kwa ustadi mkubwa, na kwa ustadi huo huo angeweza kunishonea koti zima.