Yule binti wa nganda naye apimwe damu

Wiki hii tunagusa jambo ambalo kwenye mikutano yetu tunalipita haraka: magonjwa ya zinaa na hepatiti kwa wanawake wanaoishi kwa kuuza mwili. Wengine watasema gazeti la jamaa si mahali pake. Sisi tunaona ni hapa hasa.

Tukumbuke Kamituga. Mwezi wa 9 mwaka 2023, katika mji ule wa dhahabu wa teritware ya Mwenga, ilianza kuonekana mpox ya aina mpya. Kati ya wagonjwa wa kwanza walikuwa wasichana wa nganda na wateja wao. Ilikuwa rahisi kusema: ni ugonjwa wa ndumba, wajue wenyewe. Lakini mchimbaji ana bibi na watoto nyumbani. Ugonjwa ulifika Bukavu na Goma, ukaingia kwa watoto wadogo, ukavuka mipaka mpaka Burundi na Rwanda, na tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ni hatari kwa ulimwengu.

Mpox angalau inaonekana kwenye ngozi. Hepatiti B haionekani. Virusi vyake vinakaa ndani ya maini, na mtu anaweza kuwa navyo miaka mingi bila kuumwa, halafu maini yanaharibika au yanapata kansa. Njia zake zinafanana na za SIDA: damu, kulala pamoja bila kapoti, na mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Ila yenyewe inaambukiza kwa urahisi zaidi, na juu ya wembe uliotumika virusi vinaweza kuishi siku 7. Kula pamoja, kukumbatiana au kumnyonyesha mtoto si njia zake.

Mwanamke anayelala na wanaume wengi anakutana na hatari hiyo kila mara, pamoja na sifilisi na kisonono. Tena kapoti haiamui yeye peke yake. Mteja anaongeza pesa ili asiivae, au anatumia nguvu. Kisonono kwa mwanamke mara nyingi hakina alama. Anajiona mzima, kumbe kizazi kinaharibika. Kidonda cha sifilisi kinapona chenyewe, ugonjwa unabaki ndani. Na yote mawili yana dawa! Sifilisi inapona kwa sindano ya penisilini. Lakini binti anakwenda sokoni, ananunua vidonge vinne vya rangi mbili, anarudi kazini.

Kwa nini sokoni? Tunajua sote. Kwenye kituo cha afya benchi limejaa, na muuguzi anamwuliza kwa sauti kubwa: "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Au anamwambia arudi na bwana yake. Ni kweli mwenzake naye anapaswa kutibiwa, lakini asiye na bwana wa kuleta asinyimwe dawa. Walioketi wananyamaza, wanamwangalia. Na walioketi pale ni nani? Ni sisi. Binti harudi tena. Wengi wao ni wamama kama sisi, wanalisha watoto kwa pesa hiyo. Sisi walimu tunapokea minervali bila kuuliza imetoka wapi.

Chanjo ya hepatiti B iko hata kwa mtu mzima: sindano 3, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Inamsaidia asiyeambukizwa bado, kwa hiyo kupima damu kunatangulia. Aliyekwisha kuambukizwa hufuatwa na muganga. Wengine wanapewa tenofoviri, inayotuliza virusi bila kuvimaliza. Hepatiti C haina chanjo, lakini kwa kawaida inapona kwa vidonge vya wiki 8 mpaka 12. Na aliyebakwa, awe nani, afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia SIDA.

Sasa kwa wenye mimba. Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara 9 kwa 10 anabaki nayo maisha yake yote. Kwa mtu mzima haifiki 5 kwa 100. Kwenye CPN mnapopimwa SIDA na sifilisi, ulizeni na hepatiti B. Akikutwa nayo, mama aongee na mkunga mapema, maana mtoto anahitaji sindano ya kwanza ndani ya saa 24, na katika kalenda tuliyoizoea chanjo ya hepatiti B ilikuwa inaanza kwenye wiki ya 6. Sindano hiyo itafutwe kabla uchungu haujaanza. Na kama katika avenyu yako kuna binti wa nganda mwenye mimba, umsindikize CPN, ukae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.