Daftari la Kalamu ya Wino Masalani: Nunua Karatasi, Usinunue Jalada

Katika maduka ya Masalani, makao makuu ya Ijara katika Kaunti ya Garissa, daftari hutajwa kwa kurasa zake. Mteja anasema anataka la 96, la 120 au la 200, muuzaji anataja bei, na biashara inaishia hapo. Uzito wa karatasi hauulizwi. Kwa anayeandika kwa biki hakuna anachopoteza, maana wino wa biki ni mzito wenye mafuta na hukaa juu ya karatasi ya aina yoyote. Anayeumia ni mtu wa kalamu ya wino. Analipia kurasa 200 akifika nyumbani anagundua kwamba anaweza kutumia 100 tu, kwa kuwa maandishi ya upande mmoja yametokeza upande wa pili.

Watu wa kalamu ya wino wapo, hata kama si wengi. Kuna maalim wa madrasa anayenakili somo kwa khati nzuri, kuna kijana anayejifunza khati hiyo, kuna karani anayetaka kitabu chake cha kumbukumbu kisomeke vizuri, na kuna wazee ambao hawajawahi kuziacha Parker na Hero zao. Wateja hawa hawanunui kwa pakiti kama shule, lakini mtu wa aina hii akipata duka lenye karatasi inayomfaa haendi kwingine. Nashangaa kwamba wenye maduka ya vitabu huku kaskazini mashariki bado hawajawafikiria.

Tuanze na gramu, kwa sababu humo ndimo faida ya kiwanda inamotoka. Karatasi hupimwa kwa uzito wa mita moja ya mraba. Daftari la kawaida la shule huwa na karatasi ya gramu 60 hivi, wakati mwingine pungufu; karatasi ya fotokopi ni gramu 80. Daftari la A5 la kurasa 200 lina majani 100, ambayo ukiyatandaza yanafunika mita za mraba 3.1 hivi. Kwa karatasi ya gramu 60, majani hayo yana uzito wa gramu 187. Kwa gramu 80, yanafika 249. Tofauti ni gramu 62 kwa daftari moja. Mnunuzi haioni, ila kiwanda kinachonunua karatasi kwa tani kinaiona vizuri sana. Idadi ya kurasa huandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye jalada. Gramu, mara nyingi, haziandikwi kabisa. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa viwanda vyetu vilazimike kulichapisha, ni hilo.

Shule nazo zinausukuma mzigo upande wa bei nafuu, na haziwezi kulaumiwa. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi umekuwa KSh 1,420 kwa mwaka, na fedha hizo zina kazi nyingi mbali na madaftari. Mwalimu mkuu anayegawanya kiasi hicho hawezi kuchagua karatasi ya gramu 80. Kwa vile oda za shule ndizo zinazolisha biashara yote, mwenye duka hujaza rafu zake kwa kile kinachonunuliwa na shule, na mteja mmoja mmoja analazimika kula kilichopo.

Zamani sehemu kubwa ya karatasi hiyo ilitoka humu humu nchini. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, Panpaper kama kilivyojulikana, kilianza uzalishaji Webuye mwaka 1974, kando ya Mto Nzoia, serikali ikiwa na hisa pamoja na kundi la Birla la India na shirika la fedha la IFC. Mwaka 2009 kikafungwa. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa familia ya Rai kwa KSh milioni 900, lakini ile enzi ya Kenya kujitegemea kwa karatasi ya kuandikia haikurudi. Leo watengenezaji wa madaftari, ikiwemo kampuni ya Kartasi yenye chapa maarufu ya Kasuku, wanafanya kazi katika soko linalotegemea sana karatasi ya nje. Dola ikipanda, daftari nalo hupanda bei, au hupungua unene.

Tazama basi safari yenyewe. Karatasi inashushwa Mombasa, inasafirishwa takriban kilomita 480 hadi Nairobi, huko inapigwa mistari, inakatwa na kushonwa, kisha inapanda lori tena kilomita 370 hivi hadi Garissa. Kutoka Garissa inateremka kusini kufuata Mto Tana, zaidi ya kilomita 100 nyingine, kupitia Bura hadi Masalani. Yaani imezunguka nchi nzima ili ifike mji ulio karibu na pwani kuliko Nairobi. Njia ya mkato ni kununua Mombasa au Malindi, kupandisha mzigo kwa barabara ya Garsen na Hola, kisha kuvuka mto. Na barabara ya Lamu–Ijara–Garissa ya mradi wa miundombinu wa LAPSSET, ikikamilika na usalama ukatulia, itabadilisha hesabu ya kila kitu kinachouzwa Ijara, madaftari yakiwemo. Kwa sasa nauli inalipwa na mnunuzi wa mwisho, na kwa kuwa nauli hufuata uzito na ukubwa wa mzigo, mwenye duka ana sababu nyingine ya kuagiza karatasi nyepesi.

Hata hivyo, gramu peke yake haitoshi kumwongoza mwenye kalamu ya wino. Nimeona karatasi ya gramu 80 ambayo wino unaota ndevu juu yake, na iko karatasi ya gramu 52 kutoka Japani, iitwayo Tomoe River, inayopendwa na watu wa kalamu hizi dunia nzima. Siri iko katika kile kinachoongezwa kwenye karatasi kiwandani. Nyuzi za miti kwa asili hunywa maji. Ili wino ubaki juu, kiwanda huchanganya dawa ya kuzuia maji ndani ya rojo la karatasi, kisha hupaka wanga juu ya uso wake. Karatasi iliyoshiba wanga huacha mstari mkali, na iliyonyimwa hunywa wino na kuutawanya pembeni.

Watu wa upande huu hawahitaji kufundishwa jambo hilo na mgeni. Katika duksi, yaani vyuo vya Qurani vya Wasomali, watoto wameandika Qurani kwa vizazi vingi kwenye loox, ubao wa mti, kwa wino wa makaa yaliyosagwa na kuchanganywa na gundi ya miti. Somo likishahifadhiwa ubao unaoshwa na kuandikwa upya. Gundi ndiyo inayoshika masizi yasipeperuke. Gundi hiyo hiyo ya mgunga ni bidhaa ya biashara ya kaskazini mwa Kenya hadi leo, na watengenezaji wa wino duniani wameitumia kwa karne nyingi. Na huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, si mbali na mpaka wa Ijara na Lamu, wanakili wa misahafu wa karne ya 18 na 19 waliandikia karatasi iliyovuka bahari, ikiwemo ya Italia. Katika nchi za Kiislamu makhatati walikuwa na desturi ya kuipaka karatasi wanga na kuisugua kwa jiwe laini mpaka ing'ae, ili kalamu iteleze na kosa liweze kufutika. Vifanyavyo leo viwanda kwa mashine, makhatati walifanya kwa mikono.

Dukani, basi, fanya hivi. Beba kalamu yako, omba karatasi ya mwisho ya daftari ulilolichagua, na muuzaji mwenye akili hatakunyima. Andika mstari mmoja kwa mwendo wako wa kawaida, kisha weka nukta moja nzito, ukiacha nibu itue kwa sekunde tatu. Tazama kingo za nukta: zikibaki mviringo safi, karatasi imeshiba wanga, zikitoa nywele, iache. Geuza ukurasa. Kivuli cha maandishi kinavumilika, lakini doa la wino lililopenya halivumiliki, kwa kuwa maana yake ni kupoteza nusu ya daftari. Mwisho pitisha kidole kavu juu ya uso wa karatasi. Ukihisi vumbi au unyoya, nyuzi hizo zitaingia kwenye mpasuo wa nibu na kuifanya iandike kwa kukwaruza. Kazi yote ni ya dakika moja, na inazidi jalada lolote lenye picha ya simba.

Kwa uzoefu wangu, kaunta buku za jalada gumu, zile zinazouzwa kwa kwaya 1, 2, 3 na 4, hushinda madaftari laini ya pini kwenye mtihani huu, ingawa si kila mara. Kwaya moja ni kurasa 96, kwa hiyo ya kwaya 2 ina 192. Faida yake kubwa ni mshono: kurasa zimeshonwa kwa uzi katika mafungu, kitabu kinalala wazi mezani bila kushikiliwa, na jani halichomoki. Daftari la pini mbili hushika kutu, na lile la gundi tupu mgongoni huachia kurasa, kwa kuwa joto la Ijara huilainisha gundi.

Mistari nayo ina mambo yake, na hapa ndipo bidhaa za Nairobi zinapomsahau mteja wa Masalani. Umbali wa milimita 8 kati ya mstari na mstari unatosha Kiswahili na Kiingereza, na kwa mwandiko mdogo 7 unatosha pia. Kiarabu chenye irabu kamili kinahitaji nafasi juu kwa fat'ha na dhama na nafasi chini kwa kasra; kwenye mistari ya milimita 7 alama za mstari mmoja zinagongana na za mwingine. Tena pambizo nyekundu imechapwa kushoto, wakati Kiarabu kinaanzia kulia. Kinachofanyika ni kuligeuza daftari juu chini: pambizo inahamia kulia, na ile nafasi pana ya kichwa cha habari inaishia chini ya ukurasa. Linaandikika, ila ni daftari lililotengenezewa mtu mwingine. Kiwanda kitakachochapa daftari la madrasa, mistari ya milimita 10, pambizo kulia, karatasi ya gramu 80, kitapata wanunuzi kuanzia Mandera hadi Lamu.

Kuna jambo moja zaidi kwa mwandishi wa Kiarabu, nalo linapingana na ushauri wa kawaida. Karatasi nzuri za Ulaya, kama Clairefontaine ya Ufaransa ya gramu 90, hukausha wino polepole kwa sababu hazinywi. Anayeandika kutoka kulia kwenda kushoto kwa mkono wa kulia, kiganja chake kinafuata maneno ambayo hayajakauka. Joto na upepo wa kiangazi vinasaidia, lakini majira ya mvua, hewa ikiwa nzito kando ya mto, utapaka ukurasa mzima. Kwa mtu huyo ningependekeza karatasi ya kati, inayonywa kidogo, pamoja na nibu nyembamba. Nibu nyembamba za Japani ni nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama ile ile, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu ya kuokoa daftari lisilo bora sana: punguza wino unaotoka.

Maji ni suala lingine. Wino mwingi wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa katika maji, na ukiloa hutoweka. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilifurisha Tana na kuikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi eneo la Madogo. Mtu mwenye kitabu cha madeni, cha mirathi au cha mifugo ya ukoo asikiandike kwa wino unaooshwa hata kama karatasi ni bora. Kwake kuna wino wa madini ya chuma na wino wa chembe za rangi, ambao hushika karatasi hata ikiloa, na kama haupatikani, biki ni salama zaidi. Nasema hivyo nikiipenda sana kalamu ya wino.

Wenye maduka ya fotokopi mjini wana nafasi ambayo sijaona wakiitumia ipasavyo. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500. Karatasi 50 zikikunjwa katikati zinatoa daftari la A5 la kurasa 200, kwa hiyo rimu moja inazaa madaftari 10. Mashine wanayo, mistari ya upana wowote inachapika, pambizo inawekwa upande wowote, na kushona mafungu kwa uzi na sindano ni ufundi wa kujifunza kwa siku chache. Si kila rimu inafaa, hivyo jaribu nukta ya wino kwanza. Tena karatasi nyingi za A4 nyuzi zake zimelala kufuata urefu, kwa hiyo mkunjo wa kati unazikata na daftari linakuwa gumu kidogo kufunguka. Likandamize usiku mzima chini ya mzigo kabla ya kutia jalada.

Atakayeanza aagize rimu zake mwezi wa Februari. Januari bei hubanwa na kufunguliwa kwa shule, na ikifika Aprili, masika yakianza, lori linaweza kukwama njiani na karatasi kufika imeshavuta unyevu.